Kikamulio cha Kayumbi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Célestine alifagia uwanja wa mama yake mdogo Yvette, mjini Kasongo, akachota maji, kisha akapenya uani kwa jirani kusaidia kazi ya mawese. Jirani huyo alikuwa na kikamulio cha chuma: pipa lililotobolewa matundu, na ndani yake parafujo nene kama mkono wa mtu mzima. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zilichemshwa na kutwangwa, zikamwagwa ndani ya pipa, watoto wakausukuma mti mrefu uliofungwa kwenye parafujo wakizunguka, parafujo ikashuka, na mafuta mekundu yakatiririka kwenye beseni. Malipo yao yalikuwa kikombe cha mawese cha kupeleka nyumbani.

Célestine alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walibaki Kayumbi, kijiji kidogo kupita mji wa Kabambare. Walimtuma Kasongo kwa sababu shule ya Kayumbi iliishia darasa la nne, na mama yake alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hataishia hapo. Mawese aliyoyakamua mama huyo kijijini ndiyo yaliyomsomesha.

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya kiangazi, Mwalimu Ramazani alitundika ramani ya dunia ubaoni na kuuliza, "Kwa nini nchi nyingine zimetengeneza treni, ndege na viwanda, na nyingine watu wake bado wanabeba mizigo kichwani?"

Nourdine, ambaye baba yake alikuwa na duka karibu na soko, aliinua mkono kabla ya wote. "Ni akili, Mwalimu. Wengine wanazo, wengine hawana. Hata hapa kwetu iko hivyo. Sisi wa Kasongo tuna vikamulio. Nenda kule porini kwa akina Célestine, utawakuta wanakanyaga ngazi kwa miguu!"

Darasa zima liliangua kicheko. Célestine aliinamisha kichwa.

"Nourdine," alisema Mwalimu kwa utulivu, "kikamulio cha kwenu mlikibuni ninyi?"

"Hapana, Mwalimu. Baba alikinunua kwa fundi."

"Na fundi alikibuni yeye?"

Nourdine alikuna shingo. "Sijui. Labda alikiona mahali."

"Labda. Basi leo sitaki jibu. Kila mmoja akalitafute huko aendako, kwa macho yake na kwa mikono yake."

Célestine aliyasikia maneno hayo, lakini kile kicheko ndicho alichoondoka nacho.

Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa juu ya pikipiki, yeye akiwa amebanwa katikati ya dereva na gunia la chumvi. Penye daraja lililovunjika walishuka, dereva akasaidiwa na vijana kuivusha pikipiki majini kwa kuibeba mabegani. Njiani waliwapita wanaume waliosukuma baiskeli zilizosheheni mpunga, vichwa vimeinama, migongo inang'aa kwa jasho. Zamani Célestine aliwapungia mkono watu kama hao. Safari hii aliwatazama, akajiuliza kama Nourdine alisema kweli.

Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, amesimama ndani ya mtumbwi mkuukuu ambao haukufaa tena mtoni, akikanyaga ngazi za moto zilizochanganywa na maji. Miguu ilikuwa myekundu hadi magotini. Mama aliruka nje, akamkumbatia bila kujali mafuta.

"Mwanangu! Umerefuka. Njoo, bado nina kazi kidogo, tutaongea huku ninakamua."

Akachukua nyuzi za ngazi viganjani, akazisokota kwa nguvu zote. Matone yalidondoka machache. Ngozi ya viganja ilikuwa imechubuka kwa joto. Célestine alipaswa kusema pole. Badala yake yakamtoka maneno aliyokuja nayo kutoka Kasongo.

"Mama, watu wanakamua kwa mashine, ninyi bado mnakanyaga! Nusu ya mafuta mnaitupa na nyuzi. Kweli sisi hatuna akili."

Mama aliendelea kusokota, ila polepole zaidi. Baba yake Asani, aliyekuwa kando akisuka migono, mitego ya samaki, aliinua macho, akamtazama binti yake kwa muda, kisha akayarudisha kwenye kazi yake.

Usiku ule Célestine hakulala vizuri. Aliona haya kwa aliyoyasema, lakini haya yenyewe ikageuka kuwa hasira ya kutaka kufanya jambo. "Nitawatengenezea kikamulio," alijiambia. "Peke yangu. Ndipo watajua."

Chuma hakikuwepo. Hata hivyo, kule Kasongo alikuwa ameelewa siri ya ile parafujo: kazi yake ni kugandamiza, basi. Na mti mrefu nao unaweza kugandamiza, ukiupachika upande mmoja na kuulalia upande mwingine. Mwalimu alikuwa amewafundisha jina lake, wenzo. Nyuma ya nyumba palikuwa na mti mnene wenye uwazi kwenye shina, na chini yake jiwe bapa. Célestine alipachika ncha ya mti mrefu ndani ya ule uwazi, akaweka kikapu juu ya jiwe, akangoja siku ambayo mama angekwenda mtoni.

Siku hiyo ilipofika, mama alikuwa ameacha ngazi zimechemka na kutwangwa, tayari kwa kukanyagwa. Zilikuwa nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa mafuta yake ndiyo yangeuzwa ili Célestine arudi shule. Célestine akazijaza zote kikapuni, akaweka kipande cha ubao juu, akashusha wenzo, akaurukia na kuning'inia kwa uzito wake wote.

Mafuta yakatoka! Alipiga kelele ya furaha. Lakini kabla hajaimaliza, mti ukateleza kando, kikapu kikapasuka kwa kishindo, na ngazi zikaruka kila upande. Nyingine zilimpiga mguuni na kumuunguza. Zilizobaki zilimwagika vumbini, kuku wakaja mbio.

Mama alipanda kutoka mtoni, ndoo kichwani, akayakuta hayo. Célestine alisimama katikati ya uharibifu, machozi yakimtiririka, asijue aanzie wapi.

"Umeungua?" mama aliuliza kwanza.

"Kidogo tu, Mama. Mama, nisamehe. Nilitaka… nimeharibu zote."

Mama aliweka ndoo chini, akamwagia maji baridi mguuni, polepole, mpaka maumivu yakapungua. Kisha akageuka kulitazama jiwe. Alichuchumaa. Penye kishimo cha lile jiwe palikuwa na mafuta, safi, mazito, yasiyo na maji hata kidogo. Alichovya kidole, akakinusa.

"Haya yametoka kwa muda gani?"

"Kabla kikapu hakijapasuka. Sekunde chache, Mama."

Célestine alingoja kugombezwa. Badala yake mama akasema, "Nionyeshe ulivyofanya. Toka mwanzo."

Na Célestine alipomaliza kueleza, mama aliita, "Baba Célestine! Acha migono yako kidogo, njoo uone jambo hapa."

Asani alikuja, akakigeuza kikapu kilichopasuka mikononi. "Hiki kilisukwa kubeba mihogo," alisema. "Hakikusukwa kushindana na nguvu. Mgono ndio unaoshindana na mto usiku na mchana. Mwanangu, ulikuwa na mtu wa kumuuliza hapa hapa uani, ukapita bila kumwona."

"Nilidhani…" Célestine alianza, lakini alichodhani kilikuwa hakisemeki mbele ya baba.

"Tuna mikungu ya ngazi iliyobaki shambani," alisema mama, "lakini si mingi. Hiyo nayo ikimwagika, Kasongo utaisikia katika hadithi tu. Bado unataka kujaribu?"

Célestine alijipangusa machozi kwa mgongo wa mkono. "Ninataka. Lakini si peke yangu."

Siku zilizofuata, nyuma ya nyumba ya Asani pakawa kama karakana. Asani alikata kamba ngumu za msituni, akasuka kikapu chembamba, kirefu, chenye mbavu nene kama za mgono. Walikijaribu kwa ngazi chache tu. Hakikupasuka, ila nyuzi na maganda vikachuruzika pamoja na mafuta kupitia matundu. Asani aliguna, akakifumua, akasuka upya akibana zaidi. Cha pili kilibana kupita kiasi, mafuta yakakataa kutoka. Akafumua tena.

Amani, kijana wa jirani aliyekuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila, alikuja kucheka, akabaki kusaidia. Aliutikisa ule wenzo.

"Mutoto, tatizo lako ni huu mti kuyumba. Kule machimboni mti ukiyumba, mtu anafukiwa. Sisi tunaubana kwa nguzo mbili, kushoto na kulia, unapanda na kushuka tu."

"Utanionyesha, yaya Amani?" aliuliza Célestine, akimwita kama watoto wa huko wanavyowaita wakubwa zao.

"Shika shoka."

Wakachimba, wakasimamisha nguzo. Viganja vya Célestine vikaota malengelenge. Alivifunga kitambaa, akaendelea.

Mchana mmoja alipita Marie-Louise, mwalimu aliyemfundisha Célestine kusoma alipokuwa mdogo. Alikaa juu ya gogo kuwatazama. Célestine aliona hapa ndipo pa kuuliza lile lililomkaa kooni.

"Mwalimu, kwa nini wengine walitutangulia? Ni kweli wana akili kuliko sisi?"

Marie-Louise hakucheka. "Nimefundisha watoto wa hapa, watoto wa mjini, na watoto wa wakimbizi waliotoka mbali. Akili nimezikuta zimegawanywa sawa. Uvivu pia. Tofauti iko mahali pengine. Kuna nchi ambako watu walimfunga ng'ombe jembe, akawalimia. Chakula kikazidi, na mtu aliyeshiba bila kushinda shambani akapata nafasi ya kukaa akifua chuma au kuunda gurudumu. Hapa kwetu ng'ombe akiletwa, mbung'o wanamuua. Babu zako wangemfunga nani jembe?"

"Mbuzi," alisema Amani, wote wakacheka.

"Tena kuna nchi zilizokaa njiani," aliendelea Marie-Louise. "Kila mgeni aliyepita aliacha kitu: mbegu, hesabu, namna ya kufuma nguo. Walikusanya akili za dunia nzima. Kwetu, njia zilipofunguka, wengi walikuja kuchukua. Kwanza misafara ya pembe na watumwa. Halafu wakoloni, waliowalazimisha mababu kulima pamba isiyowavika. Kisha vita vya juzi, tunavyovijua wenyewe. Mtu anayelala msituni kwa hofu hawezi kuunda mashine."

"Kwa hiyo kosa si letu?"

"Hayo si kosa letu. Lakini yapo mengine tunayojifanyia kwa mikono yetu."

Célestine alitaka kuuliza ni yapi, ila Amani alimwita aje kushika nguzo.

Siku ya jaribio kubwa, mama alizitwanga ngazi zote zilizobaki. Asani alikishusha kikapu chake juu ya jiwe, mama akakijaza, Amani akaweka kifuniko cha gogo. Célestine na wazazi wake wakaushika wenzo, wakaulalia. Nguzo zililia. Kikapu kikavimba. Célestine alifumba macho.

"Fumbua, mwanangu," alisema mama. "Yatazame."

Mafuta yalikuwa yakishuka kuzunguka mbavu zote za kikapu, yakijikusanya jiweni na kumwagikia ndani ya sufuria. Waligandamiza tena na tena. Jioni, kutokana na ngazi chache kuliko zile zilizomwagika, walijaza bidoni, madumu ya mafuta, zaidi ya walivyotarajia, za kutosha kumrudisha Célestine shule. Mama aliziangalia nyuzi zilizobaki kikapuni: zilionekana kavu, tayari kuwashia moto. Akamshika binti yake begani, akambana kwa nguvu.

"Mama," Célestine alisema kwa sauti ya chini, "siku ile niliporudi, nilisema neno baya."

"Ulilisema. Na lilinichoma." Mama alifunga bidoni ya mwisho. "Lakini hukuishia kwenye neno."

Habari za kijiji hazihitaji pikipiki. Kabla juma halijaisha, walitokea wanawake wa kijiji cha pili, wakiongozwa na mama mmoja mchangamfu aitwaye Rachida. "Hodi! Tumesikia ninyi mnakamua ngazi kwa mti. Tumekuja kuona!"

Amani alitupa majani ya mgomba juu ya kikamulio haraka. Akamvuta Asani kando, lakini Célestine alisikia kila kitu. "Baba, msiwaonyeshe. Wakiunda chao, watatuwahi sokoni Kabambare. Tumetoa jasho peke yetu, tule peke yetu."

Asani alisita. Hata Célestine, kusema kweli, moyo wake uliegemea upande wa Amani. Kikamulio kilikuwa chake. Malengelenge yalikuwa yake.

Marie-Louise, aliyekuwa amefuatana na wageni, alisogea. "Amani, jembe lako umelinunua wapi?"

"Dukani, Kabambare."

"Na duka lililitoa wapi?"

"Nchi za mbali huko. Sijui."

"Wazee wanasema zamani majembe ya Kayumbi yalitafutwa hata ng'ambo ya mto. Fundi wake alifanya kazi nyuma ya ukuta wa majani ili mtu asione. Alimfundisha mwanawe mmoja tu. Vita vilipokuja, yule mwana alifia njiani akikimbia. Pamoja naye ukafa ufundi wote wa chuma wa Kayumbi. Leo tunauza mawese ili tununue jembe la watu wengine." Akamgeukia Célestine. "Kikamulio ni chako. Amua wewe."

Macho ya wote yalimwelekea. Célestine aliyatazama yale majani ya mgomba. Alifikiri juu ya kikapu cha baba, nguzo za Amani, pipa la Kasongo. Ni kipi kati ya hivyo alichokibuni yeye? Alitembea hadi kwenye kikamulio, akayaondoa majani.

"Karibuni, kina mama," alisema. "Mti unapachikwa hapa."

Wanawake wakazunguka, wakashika, wakauliza, wakajaza kikapu ngazi walizokuja nazo zimeshachemshwa na kutwangwa, wakaulalia wenzo kwa zamu. Rachida hakuulalia. Yeye alikuwa ameinama, akikwangua utando wa mafuta ulioganda jiweni.

"Binti yangu, jiwe lenu ni baridi," alisema. "Mafuta yakikuta baridi yanakuwa mavivu. Sisi kwetu, tukikamua kwa mikono, tunatandaza makaa chini ya chombo kwanza. Mmewahi kujaribu?"

Mama alimtazama Asani, Asani akamtazama Amani. Hakuna aliyekuwa amewahi. Wakaleta makaa, wakalipasha jiwe moto, wakalifuta, wakarudisha kikapu kilekile ambacho walidhani kimekwisha mafuta. Wenzo uliposhuka, mchirizi mwembamba ukatoka, ukanenepa, ukajaza bakuli.

Amani alishika kichwa. "Haya yote tulikuwa tunayatupa!"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema mama, na wanawake wakapiga vigelegele.

Marie-Louise alimkalisha Célestine kando yake. "Uliniuliza kwa nini wengine walitutangulia, na mimi nikakwambia yapo tunayojifanyia wenyewe. Mojawapo ungelifanya leo kwa kuyaacha yale majani ya mgomba. Hakuna taifa lililobuni kila kitu peke yake, mwanangu. Waliotangulia walipata nafasi ya kuona kazi za wengine, wakajaribu, wakakosea, wakarekebisha, wakafundishana, na watoto wao wakaanzia pale wazazi walipofika. Wengine walipewa nafasi hiyo na ardhi yao, na wengine wakaipata kwa kuwanyang'anya wenzao. Jana hatuwezi kuibadilisha. Lakini mtu asikudanganye kwamba uliumbwa pungufu, na wewe usijidanganye kwamba elimu uliyoificha itakutajirisha. Jifunze kwa kila mtu, fanya kazi bila kuchoka, na unachokijua kifundishe."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Célestine.

Rachida alikuwa tayari anajifunga kanga kiunoni. "Kwetu kuna mti mnene kama huu, lakini hauna uwazi. Nani atatuonyesha namna ya kuuchonga?"

Célestine alimtazama mama yake. Mama aliitikia kwa kichwa, akampa panga. Amani alijikuna kidevu, kisha akaliokota shoka lake. "Basi na nguzo mtazisimamishaje?" alinung'unika. "Twendeni."

Wakashuka kwa kijia kuelekea mtoni wakiwa msururu mmoja, Célestine mbele, akieleza kwa sauti kubwa ili hata wa nyuma wasikie.